Barua kwa mwanangu aliyeuliza kwa nini niliiacha timu

Vigaeni, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, nami sijambo, isipokuwa vidole gumba vyangu, ambavyo baada ya zaidi ya miaka ishirini na mitano ya kubonyeza misuli ya watu vimeanza kunidai. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Uliomba nikujibu kwa sauti. Nilijaribu mara mbili nikafuta, kwa maana jambo lenyewe si la kulisema kwenye simu huku jirani anapiga hodi. Uliuliza kwa nini mimi, niliyekuwa nimefika kwenye benchi la ufundi la timu kubwa, mahali ambapo wewe na wenzako mliosoma fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, mlipaota tangu mwaka wa kwanza, niliondoka nikaja kupanga vyumba viwili Mtwara. Ukauliza pia kama nawe, baada ya misimu mitatu na timu yako hapo Dar es Salaam, muda wako wa kutoka na kufanya kazi yako binafsi umefika. Hayo ni maswali mawili uliyoyafunga kwenye pindo moja la kanga. Nitalifungua la kwanza kwanza, kwa sababu la pili limo ndani yake.

Tulipohama mwaka 2014 ulikuwa kidato cha pili, nasi tukakuambia kwamba baba amechoka na safari. Haukuwa uongo. Sasa unazijua mwenyewe: wiki hii Mbeya, wiki ijayo Bukoba, na fizio ndiye wa mwisho kulala, kwa kuwa wachezaji wakishakula ndipo wanapoanza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine, huyu paja, yule kifundo cha mguu, mwingine hana lolote ila anataka kuchuliwa huku akisimulia matatizo ya kwao. Lakini uchovu peke yake haumtoi mtu kwenye kazi anayoipenda. Nililala kwenye viti vya mabasi miaka tisa, na ningeweza kulala mingine mitatu. Kilichonitoa ni goti la kijana mmoja, na habari hiyo sijawahi kukusimulia.

Alikuwa winga wa miaka ishirini na miwili, na ligamenti ya mbele ndani ya goti lake la kushoto, utepe unaoshikanisha mifupa, ilikuwa imekatika na kufanyiwa upasuaji. Tulianza naye tangu siku za magongo: kulinyoosha goti mpaka lilale sawasawa kitandani, kuuamsha msuli wa mbele ya paja uliokuwa umenywea, kisha baiskeli, kisha ngazi, kisha kukimbia katika mstari ulionyooka. Mwezi wa sita ulipofika alikuwa anakimbia vizuri, na mtu anayekimbia vizuri humdanganya kila anayemtazama, hata mtaalamu. Timu ilikuwa na majeruhi wengi na mechi moja yenye maana kubwa. Siku nne kabla ya mechi hiyo nilimpeleka pembeni mwa uwanja nikamwambia aruke mbele kwa mguu mmoja, mara tatu kila mguu, nami nikapima kwa tepu ya seremala. Mguu mzima ulimpeleka sentimita 180; uliopasuliwa ulimpeleka sentimita 140. Hesabu yake ni asilimia 78, na sisi mafizio tunataka walau asilimia 90, tena pamoja na vipimo vingine, kabla ya kumruhusu mtu arudi kwenye mchezo wa kugeuka na kugongana. Niliandika 78 kwenye daftari nikapiga mstari chini yake.

Jioni ile niliitwa chumbani kwa kocha, naye alikuwa na kiongozi mmoja. Hawakunitisha wala hawakupaza sauti. Waliuliza tu: yuko tayari au hayuko tayari? Nikajibu, "Anaweza kuanzia benchi." Itazame sentensi hiyo, mwanangu, jinsi ilivyotengenezwa na mtu anayetafuta mahali pa kujificha. Kijana aliingia dakika ya 71, na kabla ya dakika kumi kupita aligeuka kuukimbilia mpira, hakuna aliyemgusa, akakaa chini. Nilipomfikia alikuwa anapigapiga nyasi kwa kiganja. Akaniuliza, "Si ulisema niko tayari?" Sikuwa nimesema hivyo, na kinyume chake pia sikuwa nimekisema.

Hiyo ilikuwa mwaka 2012. Miaka minne baadaye ulichapishwa utafiti uliofanyika Norway ulioonyesha kwamba kila mwezi mmoja unaoongezwa kabla ya mchezaji kurudi, mpaka kufikia mwezi wa tisa, hupunguza kuumia tena kwa goti kwa takriban nusu. Wewe uliyasoma hayo chuoni kama jambo la kawaida. Mimi nilipoyasoma nilitoka nje nikakaa barazani mpaka chai ikapoa. Hata hivyo nisijitetee kwa utafiti uliokuja nyuma yangu, maana daftari lilikuwa mfukoni siku ile ile nilipoitwa.

Kocha simlaumu hata leo. Kazi yake ni kuuliza nani anacheza Jumamosi. Nililolitambua ni kwamba katika timu, mtu anayelala kitandani kwako ameletwa na ratiba, na nyuma ya ratiba kuna foleni ya watu: mwenye timu, kocha, wakala, mashabiki, na mchezaji mwenyewe ambaye mkataba wake unaisha Juni na anaogopa kukuambia kwamba bado anasikia maumivu. Anayeweza kusema hapana mbele ya foleni hiyo msimu baada ya msimu, na abaki. Ni kazi ya heshima, na wachezaji wanamhitaji sana mtu wa namna hiyo. Mimi nilisema hapana mara nyingi kabla ya siku ile na mara kadhaa baada yake, ila nilianza kuzihesabu, nikaona zinapungua.

Nilikuwa nimeshafungua kliniki lilipotokea lile la Chelsea, na nilikuwa nimekaa kwenye kibanda umiza hapa hapa mtaani. Ilikuwa Agosti 8, 2015, Chelsea na Swansea, mabao mawili kwa mawili, mechi iko ukingoni. Chelsea walikuwa wamebaki kumi kwa kadi nyekundu; Eden Hazard akaanguka, mwamuzi akawaita watu wa tiba, nao daktari Eva Carneiro na fizio Jon Fearn wakakimbilia ndani. Kwa kuwa mchezaji aliyetibiwa uwanjani hulazimika kutoka nje kwanza, timu ikabaki na watu tisa kwa muda, na kocha wao José Mourinho akawajia juu, kisha akasema hadharani kwamba hawakuuelewa mchezo. Kibanda kizima kilikuwa upande wa kocha. Mimi nilinyamaza na soda yangu, maana najua fizio anavyofundishwa: mwamuzi akikuita, unakwenda. Carneiro hakukaa tena kwenye benchi lile, na mwaka uliofuata kesi yake na klabu ilimalizwa kwa maelewano. Hiyo ni Ligi Kuu ya England, ligi ya mpira yenye fedha nyingi kuliko zote duniani, na swali lilikuwa lile lile nililoulizwa mimi chumbani kwa kocha, kwamba unamtumikia nani.

Basi nikarudi kwetu. Watu walidhani nimeifuata Ndanda, timu ya mpira ya hapa, kwa sababu ni mwaka ule ule wa 2014 ilipopanda Ligi Kuu na watu wakaanza kuujaza uwanja wa Nangwanda Sijaona, na nilichoka kueleza kwamba sikuja kwa ajili ya timu yoyote. Sikuwa na wa kumwiga. Walimu wangu kule Moshi, KCMC, walinifundisha kila kitu kuhusu goti, lakini hakuna aliyenifundisha kuendesha chumba cha kulipia, na hilo lina sababu yake: sheria ya mwaka 1977 ilizuia huduma za tiba za binafsi za kujipatia faida, na ruhusa ilirudi mwaka 1991, kwa hiyo wao walikuwa wamekulia kwenye hospitali za serikali na za misheni, ambako anayetibu na anayetaja bei si mtu mmoja. Nilikuwa na akiba ya shilingi milioni sita. Nililipa kodi ya miezi sita, nikachongesha vitanda viwili kwa seremala wa Magomeni kwa vipimo nilivyomchorea, nikanunua kioo kirefu, ngazi ya mbao ya hatua tatu, mipira ya kuvuta na kibao cha nje. Nilinunua pia mashine ya umeme ya kutuliza maumivu kwa bei iliyoniumiza zaidi kuliko ilivyowahi kumtuliza mgonjwa. Kama utanisikiliza kwa jambo moja tu la manunuzi, usianze na mashine.

Mwezi wa kwanza walikuja wagonjwa kumi na mmoja, na saba kati yao waliuliza mlangoni, "Hapa mnachua?" Nilikuwa naudhika. Baadaye nikasoma kwamba chama cha mafizio cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1894 na wanawake wanne waliokuwa wauguzi na wachuaji, wakati magazeti ya huko yalikuwa yameanza kuitilia shaka kazi ya kuchua kwamba inafichia mambo mengine, nao wakaona bora waandikishane na kuwekeana kanuni. Ikiwa waliotutangulia walianzia hapo, mimi ni nani wa kumnunia mzee wa Rahaleo? Nikaanza kujibu kwamba tunachua, ila tukimaliza kuchua utafanya kazi wewe.

Aliyenifundisha kazi upya ni bibi mmoja wa Tandahimba. Alikuja Novemba, msimu wa korosho umechanganya, kiuno kinamuuma hata akiwa amekaa ndani ya basi. Nilimpima kama ninavyompima kiungo mkabaji: nikamkunja, nikamnyoosha, nikaangalia mishipa ya fahamu na nguvu za miguu, nikaridhika kwamba hakuna dalili ya jambo baya. Nikampa mazoezi manane niliyoyachora kwenye karatasi, kila moja mara kumi, seti tatu, asubuhi na jioni, pamoja na mpira wa kuvuta. Nikamwambia na kupumzika wiki tatu. Akaikunja ile karatasi kwa adabu, akaifunga kwenye kanga, akalipa, akasema, "Ahsante mwanangu. Na korosho ataokota nani?" Hakurudi.

Mchezaji wa timu hakuulizi hivyo. Ukimwambia apumzike, mshahara wake unaingia. Ukimpa mazoezi manane, ana uwanja, ana saa, ana kocha wa viungo wa kumsimamia. Nilikuwa nimeleta Vigaeni mazoezi yaliyo sahihi kabisa kwa mtu mwenye maisha mengine. Wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi, nilipanda basi mpaka Tandahimba, nikaulizia nyumba, nikamkuta shambani, nikakaa kwenye kivuli cha mkorosho tangu saa moja asubuhi mpaka saa nne nikimwangalia. Unajua kwamba korosho haichumwi mtini. Huachwa ianguke na bibo, tunda lake, ikaokotwa, ikanyofolewa, ikatiwa ndooni. Yule bibi alikuwa anainama kutoka kiunoni huku magoti yamenyooka, mkono wa kulia umeshika ndoo inayozidi kuwa nzito, na hakuitua kwa sababu akiitua itabidi airudie. Kwa saa tatu ndoo haikuhama mkono. Nilihesabu kuinama kwake mpaka mia mbili nikaacha.

Siku hiyo sikumwongezea zoezi lolote. Tuliitafuta ndoo ndogo, tukakubaliana ihame mkono kila anapohamia mkorosho mwingine. Penye korosho nyingi awe anapiga goti moja chini na kuokota kwa kuzunguka kabla ya kuinuka. Na kubeba kwenda nyumbani ikawa kazi ya mjukuu, ambaye hakufurahi. Katika yale mazoezi manane nilimwachia moja, la kulala chali na kuinua makalio, alifanye kitandani kabla hajaamka kuswali alfajiri, kwa kuwa hiyo ndiyo saa pekee ambayo hakuna mtu anayemdai kitu. Msimu uliofuata aliniletea wagonjwa sita. Mmoja alikuwa mwanawe, bega limechoka kwa kubeba pampu ya mota na kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, miezi ya kiangazi, na safari hii kabla sijamgusa nilimuuliza: unataka urudi kufanya nini?

Kwenye timu swali hilo huliulizi, kwa sababu jibu limebandikwa ukutani pamoja na ratiba ya ligi. Huku nje kila mtu ana jibu lake, na tiba nzima inatoka humo. Kulikuwa na mvuvi wa Mikindani aliyepata kiharusi upande wa kulia. Wanawe walimleta wakitaka atembee. Yeye, ulimi wake ulipoanza kufunguka, alisema anataka kupanda ngalawa. Hayo ni mambo mawili. Kutembea sebuleni ni kupeleka mguu mbele juu ya sakafu iliyotulia. Kupanda ngalawa ni kusimama kwa mguu mmoja ndani ya maji yanayosukuma, kuuinua mwingine juu ya ubavu wa chombo, na kuhamisha uzito kabla chombo hakijahama. Miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ubongo huwa mwepesi zaidi kujifunza upya, lakini hujifunza kile hasa kinachorudiwarudiwa. Kwa hiyo tulianza na sanduku la mbao ndani ya kliniki, tukahamia kwenye kingo ya baraza, na mwezi wa tano tukaenda naye pwani maji yakiwa yametoka, ngalawa imekaa mchangani, akapanda na kushuka mara ishirini huku vijana wa pale wakimhesabia kwa sauti. Hapo ndipo miaka yangu ya timu iliponisaidia kwelikweli: nilipima, nikaandika, nikaupandisha ugumu hatua kwa hatua kama nilivyofanya kwa yule winga. Ngalawa inayoelea ilimchukua wiki tatu zaidi ya nilizokadiria, na nikamwacha azichukue, maana hapakuwa na mechi Jumamosi.

Kuna upande ambao wenzako hawausemi, nao ni upweke. Katika timu una daktari jirani yako, na wagonjwa wako wote ni vijana waliopimwa afya kabla ya kusaini mkataba. Kwenye kliniki wewe ndiye mlango wa kwanza. Mwaka wa pili alikuja kijana mwenye maumivu ya mgongo ambaye kila mtu alidhani ni mizigo ya bandarini. Lakini maumivu yalimzidi usiku akiwa amelala, alikuwa amekonda, na alitokwa jasho shuka likalowa. Sikumgusa mgongo. Nilimwandikia barua aende hospitali ya Ligula, na ikabainika kuwa ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ningekuwa nimetoka timu siku hiyohiyo, ningemnyoosha. Nakuambia hili kwa sababu mwili wa mchezaji husamehe makosa yetu mengi, nasi tukadhani ni ustadi.

Sasa fedha, ambazo kwa heshima yako hukuziuliza. Katika timu nililipwa, wakati mwingine kwa kuchelewa, lakini sikuwahi kumtazama mgonjwa usoni nikamtajia bei. Miezi ya mwanzo ya kliniki nilikuwa namaliza tiba, natazama dirishani, nasema "utatoa ulicho nacho", na watu wakafanya hivyohivyo. Mama yako ndiye aliyebandika karatasi ya bei ukutani, shilingi 10,000 mara ya kwanza na 7,000 kila marudio, akahamia mwenyewe pale mezani, na tangu siku hiyo tukaanza kulipa kodi ya pango kwa wakati. Jambo jingine ni kwamba hapa kwetu kliniki hupata fedha kwa kufuata korosho: minada ikianza Oktoba, watu wanakuja na maumivu waliyoyatunza tangu Machi, wakati wa salfa fedha yote iko shambani, nawe unaandika madeni. Msimu wa 2018, minada ilipokwama kwa sababu ya bei na Serikali ikaamua kuinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, daftari langu la madeni lilinenepa kuliko la wagonjwa. Wagonjwa wa bima husaidia kuusawazisha mwaka, ingawa kuna mfuko mmoja ulionirudishia fomu arobaini kwa sababu ya sahihi zilizowekwa mahali pasipotakiwa, na fedha yake niliisubiri miezi saba. Mambo ya kodi, leseni na usajili, ukikumbuka kwamba usajili wako kama mtaalamu ni kitu kimoja na usajili wa kituo ni kitu kingine, mama yako atakueleza vizuri kuliko mimi.

Sasa tuje kwako, wewe mwenye jina la mama yangu, ambaye kwa hiyo sina ujasiri wa kukugombeza. Katika ujumbe wako ulitaja mambo matatu: kwamba kocha mpya anakufokea mbele ya wachezaji, kwamba mshahara haujapanda, na kwamba kuna daktari anayekupa chumba katika kliniki yake ili mgawane mapato. Niliusoma tena nikitafuta mahali ulipomtaja mgonjwa, sikupaona. Zote tatu ni sababu za kutoka, na mtu akitoka bila kujua anakwenda kwa nani, hata akipata chumba kizuri atakuwa anasubiri wachezaji waje. Wakija ni vizuri, lakini hawatoshi kulipa pango.

Kwa hiyo jibu langu ni bado. Malizia msimu huu. Mwombe huyo daktari jioni mbili kwa wiki, siku ambazo timu haina mazoezi ya jioni, na umwambie unataka wagonjwa ambao si wanamichezo: wa kiharusi, watoto wenye mtindio wa ubongo, akina mama wajawazito wenye maumivu ya nyonga, wazee walioanguka. Ukiona baada ya miezi sita kwamba unawasubiri kwa hamu kama unavyowasubiri wachezaji wako, hapo tuzungumze habari ya chumba. Kabla ya kugawana mapato na mtu yeyote, andikeni nani ananunua vifaa, nani anatunza mafaili, na ukiondoka wagonjwa wanabaki wa nani. Nimeona marafiki wawili wakiacha kusalimiana msikitini kwa sababu ya hayo. Na siku utakayoondoka kwenye timu, daftari la majeruhi liache hapo hapo. Magoti ya watu ni siri yao, usihame nayo hata kama kocha alikufokea.

Kuhusu huyo kocha, hilo la kufokewa nalichukua kwa uzito, lakini nieleze kwanza alifoka kwa sababu gani. Ikiwa ulimwambia hapana naye akafoka, basi umefanya kazi niliyoshindwa mimi, na ningependa uendelee kuifanya walau mpaka mwisho wa msimu, kwa ajili ya huyo mchezaji. Ikiwa alifoka kwa sababu nyingine, niandikie.

Wala usidhani kwamba nakuita Mtwara. Najua mama yako amekuambia habari za vidole vyangu kwa namna yake, lakini kliniki hii ina kijana wa Newala niliyemlea kazini miaka minne, na mikono yake ni mizuri. Nakuomba jambo dogo zaidi. Ligi ikimalizika, njoo wiki tatu. Itakuwa kipindi cha salfa, wagonjwa ni wachache na hakuna anayeharakisha, kwa hiyo utakaa kwenye kitanda cha dirishani, uwaulize wewe wanataka kurudi kufanya nini, nami nitakaa pembeni nisiseme kitu. Jumamosi moja tutakwenda Tandahimba. Njoo na tepu mpya ya mita tatu, hii yangu namba zimefutika.

Wasalaam,

Baba yako